Kompyuta Kuamriwa kwa Kibengali cha Barazani

Watu wengi hudhani ya kuwa kompyuta ni Mwingereza. Huona maneno ya Kiingereza juu ya kioo chake, na mtu atakaye kuwa fundi wa kuiagiza kazi huanza kwa kufunzwa maneno kama IF, PRINT na WHILE; basi hukata shauri kwamba hiyo ndiyo lugha iliyozaliwa nayo. Si kweli. Kompyuta, au tarakilishi kama vitabu vyetu vya shule vipendavyo kuiita, haijui Kiingereza kama vile isivyojua Kiswahili wala Kichina. Ijuacho ni tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Maneno mengine yote ni mapatano baina ya wanadamu, na kila mapatano ya wanadamu yana historia yake. Nataka tuitazame sehemu moja ya historia hiyo ambayo kwa sura yake ni mchezo wa vijana, nazo ni lugha za kuiamrisha kompyuta zilizotungwa kwa maneno ya mitaani ya Wabengali.

Hapo awali mafundi waliziandikia kompyuta amri zao kwa tarakimu tupu au kwa vifupisho vigumu, kazi iliyochosha na kuzaa makosa mengi. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha iitwayo Fortran, iliyotungwa na John Backus na wenzake. Lugha hiyo ilimruhusu fundi kuandika maneno machache ya Kiingereza pamoja na alama za hesabu, kisha programu maalumu iliyafasiri yote yakawa tarakimu. Kwa nini Kiingereza? Kwa sababu watungaji walikuwa Wamarekani waliowauzia Wamarekani wenzao. Hapana sababu nyingine.

Kipo kisa ambacho Bi. Grace Hopper, mtaalamu wa hesabu na afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alipenda kukisimulia. Katika miaka ya 1950 alikuwa akifanya kazi katika kampuni iliyounda kompyuta za UNIVAC, akataka kuwaonyesha wakubwa wake kwamba maneno ya kawaida yaweza kutumika mahali pa alama. Akaandika programu ndogo kwa Kiingereza, kisha akaiandika tena kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, na mtambo ukaifanya kazi ile ile kwa zote tatu. Alitumaini kupongezwa. Badala yake wakubwa waliingiwa na hofu: kompyuta yenye heshima zake, iliyoundwa Pennsylvania, yawezaje kufahamu Kifaransa? Ikabidi yeye na wenzake waahidi kushikamana na Kiingereza peke yake. Kisa hiki chachekesha, lakini msomaji azingatie jambo moja. Mlango wa lugha nyingine ulikuwa wazi tangu mwanzo, na waliousukuma ukafungika walikuwa watu. Mtambo haukukataa neno lolote.

Basi mlango ule ulipokuja kufunguliwa tena, wengi walioufungua walikuwa watu wa mzaha. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Don Woods na James Lyon, walitunga lugha waliyoiita INTERCAL kwa kusudi la kuzidhihaki lugha nyingine zote. Ndani yake fundi hana budi kuandika neno PLEASE, yaani tafadhali, kila baada ya amri kadhaa. Akilipunguza mno programu yake yakataliwa kwa utovu wa adabu, na akilizidisha yakataliwa kwa kujipendekeza. Mwaka 2007 ikazuka LOLCODE, iliyotumia Kiingereza kibovu walichosingiziwa paka katika picha za kuchekesha. Mwaka 2022 vijana wa India wakatoa Bhai Lang, lugha ya kaka, kwa Kihindi cha mitaani. Programu yake huanza kwa kumsalimu kaka na kwisha kwa kumuaga, na mtu atakaye neno lionekane kwenye kioo huandika bol bhai, maana yake "sema, kaka". Vijana wa lugha nyingine za Bara Hindi waliuona mchezo huo wakaupenda, na Wabengali walikuwamo.

Kibengali husemwa na watu zaidi ya milioni 200, nchini Bangladesh na katika majimbo ya Bengal Magharibi na Tripura nchini India. Ili msomaji apate kuonja jinsi kinavyokaa ndani ya kompyuta, nimetunga mfano mdogo kwa maneno ya kila siku ya lugha hiyo:

dhor boyosh = 15
jodi boyosh < 18 bol "chhoto"
nahole bol "boro"

Dhor ni shika. Boyosh ni umri. Jodi ni kama. Bol ni sema. Chhoto ni mdogo. Nahole ni la sivyo. Boro ni mkubwa. Yaani, shika umri ni 15; kama umri ni chini ya 18 sema "mdogo"; la sivyo sema "mkubwa". Mtoto wa Dhaka ambaye hajasoma neno hata moja la Kiingereza ataufahamu mfano huu kwa kuusikia tu. Tena neno lile la kwanza lina utamu wake. Mwalimu wa hesabu wa Kibengali anapotaka kuanza swali la aljebra husema dhori, "na tushike", pale ambapo mwalimu wetu husema "tuseme x ni kadha". Kwa hiyo neno hilo moja hukaa darasani kwa heshima na hukaa mtaani kwa raha, na fundi wa lugha ya mzaha halazimiki kulibuni. Alilikuta.

Namna ya kuitengeneza lugha kama hii haina uchawi. Programu ya kutafsiri huyasoma maandishi herufi kwa herufi na kuyakata maneno. Kila neno hulitazama katika orodha yake: likiwa jodi, yajua kwamba sharti linakuja, likiwa bol, yajua kwamba kitu kitaonyeshwa. Kisha huyapanga maneno hayo kama mti wenye shina na matawi, ili ijulikane lipi lategemea lipi, na mwishowe huitekeleza amri yenyewe au huiandika upya katika lugha nyingine iliyokwisha kuzoewa, kama JavaScript. Orodha ile ya maneno yaweza kuwa na neno lolote. Kijana mwenye ujuzi wa kadiri aweza kuimaliza kazi hii katika majuma machache, na pengine ndiyo sababu lugha za namna hii zimekuwa nyingi.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana humo ndimo mlimo historia. Mabadiliko ya kwanza yapendwayo na vijana wa Dhaka ni kuongeza neno mama. Msomaji wa Kiswahili asidanganyike! Mama kwa Kibengali ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Katika mitaa ya Dhaka kijana humwita mama mwuza chai, mwendesha baiskeli ya abiria, kondakta wa basi, na rafiki yake wa darasani pia. Ni neno la kuomba, la kubembeleza, na la kuondoa umbali kati ya mtu na mtu. Kule Kolkata kazi hiyo hufanywa zaidi na neno dada, ambalo nalo lingetupoteza, kwani maana yake ni kaka. Mtu aandikapo bol mama katika programu huwa ameichukua kompyuta na kuiketisha kando ya jiko la mwuza chai.

Kolkata, mji ambao Waingereza waliuita Calcutta, una nyumba nyingi za zamani zenye kibaraza kidogo mbele ya mlango, mahali pa kukaa palipoinuka kutoka njiani. Kibaraza hicho huitwa rok. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu hahitaji kuelezwa shughuli yake: ni baraza. Vijana hukaa hapo jioni, wakanywa chai, wakabishana juu ya mpira, siasa, michezo ya kuigiza na mambo ya jirani, na mazungumzo hayo yasiyo na mwisho huitwa adda. Maneno yaliyozaliwa hapo yalikwisha kupewa jina lao, "lugha ya rok", na wazee waliyalalamikia kwa sauti ile ile ambayo wazee wa Nairobi huilalamikia Sheng. Wataalamu hawakuyadharau. Mwaka 1972 Bhaktiprasad Mallik alichapisha mjini Kolkata utafiti juu ya lugha ya siri ya wahalifu wa Bengal Magharibi, akayaorodhesha maneno yao kwa uangalifu ule ambao mtaalamu mwingine angeutumia kwa mashairi ya kale.

Lakini uhasama kati ya lugha ya kitabu na lugha ya baraza ni wa zamani kuliko hapo, na bila kuujua hatuwezi kuona kwa nini mzaha huu wa kompyuta wawagusa Wabengali kuliko uwagusavyo wengine. Mwaka 1778 Nathaniel Halhed alipiga chapa sarufi ya Kibengali mjini Hooghly. Herufi zake za madini zilichongwa na Charles Wilkins akisaidiwa na Panchanan Karmakar, mtu wa ukoo wa wahunzi. Mwaka 1800 serikali ya Waingereza ilifungua Chuo cha Fort William mjini Kolkata ili maafisa wake vijana wafunzwe lugha za nchi, na muda si mrefu somo la Kibengali likawekwa mikononi mwa mmisionari William Carey. Wakati huo mashairi ya Kibengali yalikuwa mengi, lakini vitabu vya nathari vilikuwa haba. Wanazuoni wa Kihindu walioajiriwa na chuo wakavitunga, wakavijaza maneno ya Kisanskriti na vitenzi virefu ambavyo hapana mtu aliyevitamka nyumbani kwake. Ndiyo iliyokuja kuitwa sadhu bhasha, lugha safi. Atakaye kusema "ninafanya" katika lugha hiyo huandika koritechhi. Mdomoni mwa watu ni korchhi tu. Hata hivyo Carey mwenyewe mwaka 1801 alitoa kitabu cha mazungumzo ambamo twasikia vibarua, wavuvi na wanawake wanaogombana kwa maneno yao halisi. Alikusudia maafisa waweze kufahamu wanayotukanwa, bila shaka. Kwa njia hiyo lugha ya uchochoroni ilipata kupigwa chapa mapema kabisa, ikiwa chombo cha mafunzo cha mgeni.

Wabengali wenyewe walipoiandika waliiandika kwa kicheko. Mwaka 1858 Peary Chand Mitra, akijificha nyuma ya jina la Tekchand Thakur, alitoa hadithi ya mtoto wa tajiri aliyeharibiwa kwa kudekezwa, Alaler Gharer Dulal, na lugha yake ilikuwa nyepesi na yenye maneno mengi ya Kiajemi yaliyotumika mahakamani na sokoni. Miaka michache baadaye Kaliprasanna Singha, kijana tajiri aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu, alitoa Hutom Pyanchar Naksha, yaani michoro ya bundi aitwaye Hutom. Bundi huyo anautazama mji wa Kolkata usiku na mchana, anawataja walevi, wanafiki na matajiri wapya, naye asema kama mji usemavyo, mpaka tahajia yenyewe yafuata matamshi. Nashangaa kila nikumbukapo ya kuwa kijana huyo ndiye aliyewakusanya wanazuoni na kusimamia tafsiri ya Mahabharata kwa Kibengali cha heshima kabisa. Alikuwa na lugha zote mbili, na akachagua ya kumfaa bundi. Bankimchandra Chatterjee, bingwa wa riwaya wa zama zile, aliisifu lugha ya Tekchand lakini ya Hutom aliilaumu kuwa ni duni na haina staha.

Mzaha ulizidi kufanya kazi yake. Mwaka 1914 Pramatha Chaudhuri alianzisha jarida la Sabuj Patra, yaani Majani Mabichi, akatangaza kwamba nathari ya Kibengali iandikwe kwa lugha ya kusemwa, ile iitwayo chalit. Jina lake la kuandikia lilikuwa Birbal, ambalo ni jina la waziri mcheshi wa mfalme Akbar katika hekaya za Bara Hindi. Rabindranath Tagore, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, aliungana naye, na riwaya yake Ghare Baire ilitokea katika jarida hilo kwa lugha hiyo ya kusemwa. Wenye vyuo hawakusalimu amri upesi. Mwandishi Nirad Chaudhuri amesimulia kwamba karibu na wakati ule mtihani wa Chuo Kikuu cha Calcutta ulitoa kifungu cha maandishi ya Tagore na kuwataka watahiniwa wakiandike upya kwa Kibengali safi. Hebu msomaji ajiweke mahali pa mtahiniwa huyo, anayeambiwa amsahihishe mshindi wa Nobel ndipo apewe alama! Leo chalit ndiyo lugha ya vitabu, magazeti na mitihani katika nchi zote mbili, na sadhu bhasha hufunzwa kama kitu cha zamani.

Hadi hapa vita vilikuwa vya kalamu. Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanyika, na Bengal ya mashariki ikawa sehemu ya Pakistani. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah alisema mjini Dhaka ya kuwa lugha ya taifa itakuwa Kiurdu wala si nyingine, ingawa wasemaji wa Kibengali walikuwa zaidi ya nusu ya raia wote wa Pakistani. Zikafanywa hata jitihada, zilizoungwa mkono na waziri wa elimu Fazlur Rahman, za kukiandika Kibengali kwa herufi za Kiarabu. Sisi ambao Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi hatuoni aibu ndani yake. Lakini kwa Wabengali ilikuwa ni kunyang'anywa vitabu vyao. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wa Dhaka waliandamana, ingawa mikutano ilikuwa imepigwa marufuku, na polisi wakawapiga risasi. Abul Barkat, Rafiquddin Ahmed, Abdul Jabbar na Abdus Salam ni miongoni mwa waliokufa. Katiba ya mwaka 1956 ilikubali Kibengali kuwa lugha ya taifa pamoja na Kiurdu. Bangladesh ikawa nchi huru mwaka 1971, na mwaka 1999 UNESCO iliitangaza tarehe 21 Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama.

Mmoja wa waliotiwa gerezani kwa ajili ya mambo ya mwaka 1952 alikuwa Munier Chowdhury, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dhaka na mtunzi wa michezo ya kuigiza. Gerezani aliandika mchezo uitwao Kabar, yaani Kaburi, nao ulichezwa na wafungwa wenyewe mwaka 1953. Alipotoka alirudi kwenye ualimu, na baadaye akashika kazi ambayo wasomi wengi wangeiona ndogo: kuzipanga herufi za Kibengali kwenye vibonye vya taipureta. Kazi hiyo ni ngumu kuliko idhaniwavyo, kwa kuwa konsonanti za Kibengali hushikamana zikaunda maumbo mapya, na irabu nyingine huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Mpango wake wa mwaka 1965 ulitiwa katika taipureta za Optima, zilizoundwa Ujerumani ya Mashariki, nao ukajulikana kwa jina la Munier Optima. Tarehe 14 Desemba 1971, siku mbili tu kabla ya vita vya uhuru kumalizika, alitekwa nyumbani pamoja na wasomi wengine wakauawa. Kwangu mimi huyu ni mtu mkubwa katika historia ya kompyuta za Kibengali, ijapokuwa vibonye alivyovipanga vilikuwa vya mashini isiyotumia umeme.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimekwisha kufika Bengal. Taasisi ya Takwimu ya India, iliyoanzishwa na Mahalanobis mjini Kolkata, ilipata kompyuta yake ya kwanza kutoka Uingereza katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1964 mtambo wa IBM 1620 ulifungwa katika Kituo cha Nishati ya Atomu mjini Dhaka. Mitambo hiyo ilifanya hesabu za wakubwa, wala haikuandika neno la Kibengali. Zamu ya lugha ilikuja baadaye, na mara nyingi kwa mkono wa mtu mmoja mmoja. Tarehe 16 Desemba 1988, siku ya kukumbuka ushindi wa vita vya uhuru, Mustafa Jabbar alitoa programu ya kuandika Kibengali akaiita Bijoy, ushindi. Iliuzwa kwa fedha, na mwandishi alihitaji kujifunza vibonye vyake upya. Mwaka 1991 utaratibu wa kimataifa wa Unicode uliipa kila herufi ya Kibengali nambari yake. Kila herufi, isipokuwa moja: khanda ta, herufi ndogo ya sauti ya t isiyofuatwa na irabu, ilingoja mpaka mwaka 2005 ndipo ipewe nafasi yake yenyewe.

Mehdi Hasan Khan alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Mymensingh alipotoa programu ya Avro, tarehe 26 Machi 2003, ambayo ni Siku ya Uhuru wa Bangladesh. Aliitoa bure. Wito wake ulikuwa kwamba lugha na iwe huru, na jinsi alivyoufanya uhuru huo ni ya ajabu kidogo: mtu huandika ami kwa herufi za Kirumi, kama alivyozoea, na kwenye kioo hutokea neno hilo kwa herufi za Kibengali, maana yake mimi. Hapakuwa tena na haja ya kujifunza vibonye. Mwaka 2025 serikali ya Bangladesh ilimtunuku yeye na wenzake nishani ya Ekushey Padak, ambayo jina lake lakumbusha tarehe 21 ya Februari.

Hapo pana jambo linalonipa mashaka. Watu waliokataa kwa damu yao kuandikiwa lugha kwa herufi za wengine, wajukuu wao sasa huandikiana simu kwa herufi za Kirumi kwa hiari yao, na mfano nilioutunga hapo juu niliuandika kwa herufi hizo hizo, kwa sababu ndivyo vijana wafanyavyo. Wako wasemao kwamba huu ni ushindi wa mgeni, uliopatikana bila risasi. Sikubaliani nao kabisa. Jinnah alitaka kulibadili neno lenyewe. Kijana wa Dhaka amelibadilishia neno lake nguo za kazini. Lakini mashaka hayaniishi, maana mtoto asomaye Kibengali katika simu tu aweza kukua asiione khanda ta maishani mwake.

Nimebakiza mambo mawili, na yote mawili ni ya sarufi. Kibengali kina namna tatu za kusema "wewe". Apni ni kwa mkubwa na mgeni. Tumi ni kwa mwenzako. Tui ni kwa mtoto, kwa rafiki wa chanda na pete, na zamani kwa mtumishi. Mungu wa kike Kali naye huitwa tui katika nyimbo za ibada, kwa kuwa mwenye kumwabudu ni kama mtoto mbele ya mama yake. Kitenzi hugeuka kwa kufuata daraja: kwa apni "sema" ni bolun, kwa tumi ni bolo, kwa tui ni bol. Kiingereza cha PRINT hakina haja ya kuchagua. Mbengali hana budi. Watungaji wa lugha za mitaani wamechagua bol, na uchaguzi huo wasomwa kwa njia mbili, kwani bol ni amri ya bwana kwa kijakazi wake, na pia ni maneno ya rafiki kwa rafiki yake pale kibarazani. Kuongeza neno mama, kama wafanyavyo, ndiko kunakoamua: mtumishi haitwi mjomba.

La pili ni mpangilio wa maneno. Tukiutazama tena mfano wetu, tutaona ya kuwa maneno ni ya Kibengali lakini mifupa ni ya Kiingereza. Kitangulizi cha sharti kimewekwa mbele kama IF, kisha sharti, kisha amri. Mbengali aweza kusema hivyo, lakini mara nyingi husema vingine. Kitenzi chake hupenda kukaa mwishoni: "mimi nala wali" kwake ni ami bhat khai, mimi wali nala. Na sharti lake huliingiza ndani ya kitenzi, kama sisi tufanyavyo kwa -ki- ya "ukija" na "ikinyesha". Badala ya jodi angeweza kutumia hole, "ikiwa", nayo ingekaa baada ya sharti lote. Lugha nyingi za mzaha hazifiki huko. Zimebadili orodha ya maneno na kuuacha mti wa sentensi kama ulivyotoka Marekani. Wajapani wamekwenda mbele zaidi katika lugha yao iitwayo Nadeshiko, iliyotolewa mwaka 2004, ambayo huweka kitenzi mwishoni kama Kijapani kifanyavyo. Kwa Kibengali mstari wetu wa pili ungekuwa hivi:

boyosh atharor kom hole bol "chhoto"

Umri, kwa kumi na nane, pungufu, ukiwa, sema "mdogo". Alama ya < haimo tena. Mahali pake pamekaa neno kom, pungufu, ambalo mwuza chai hulitumia kila siku anapohesabu chenji.